Kuchagua Upinde wa Mtambo: Mhadhara kwa Wawindaji Wapya wa Ohio

 

Nimeombwa nizungumzie upinde wa mtambo, yaani ule upinde uliolazwa juu ya mti wenye kitako, unaotegwa mara moja ugwe ukanaswa, kisha ukafyatuliwa kwa kidole kama bunduki. Walioniomba ni wenzetu waliohamia hapa Ohio kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Wameona majirani zao wakirudi na kulungu mwezi wa kumi na moja, na wao wangependa kujaza friza kwa nyama ya mwitu. Ni nia njema, na nchi hii inairuhusu kwa kibali. Swali la kwanza ninaloulizwa halibadiliki: upi una kasi kuliko yote?

Nalijibu mapema ili tusipotezeane muda. Mitambo yenye kasi kubwa inayouzwa leo hurusha mshale futi 500 na kitu kwa sekunde, na mimi siipendekezi kwa mtu anayeanza kuwinda kulungu. Sababu zangu ndizo mhadhara wenyewe.

Chombo hiki ni cha kale. Wachina walikuwa na vifyatulio vyake vya bronzi karne kadhaa kabla ya Kristo, na vingine vimefukuliwa pamoja na lile jeshi la askari wa udongo la mfalme Qin Shi Huang. Ulaya ilikiogopa kiasi kwamba Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ulikataza kukitumia dhidi ya Wakristo. Katazo hilo halikumfaa Richard wa Kwanza wa Uingereza, aliyekufa mwaka 1199 kwa jeraha la mshale wa chombo hicho hicho alilolipata mbele ya ngome ya Châlus huko Ufaransa.

Katika historia hiyo ndefu kuna jambo moja la kiufundi ambalo mnunuzi wa leo analihitaji. Mwingereza Ralph Payne-Gallwey, aliyechapisha kitabu kinene juu ya pinde hizi mwaka 1903, alifanyia majaribio upinde wa chuma wa karne ya 15 ambao mvuto wake, yaani nguvu ya kuutega, ulikuwa pauni 1,200. Hiyo ni mara sita ya mvuto wa upinde wa kisasa. Lakini ugwe wa upinde wa namna ile husafiri inchi saba hivi tu kabla ya kuuachia mshale, na mikono yake ya chuma inayopinda ni mizito kiasi kwamba sehemu kubwa ya nguvu huishia katika kujisogeza yenyewe. Upinde wa leo wenye mvuto wa pauni 200 huusukuma mshale kwa inchi 13 hadi 16, na mikono yake ni ya faibaglasi nyepesi. Kwa hiyo muuzaji akikutajia pauni za mvuto peke yake, hajakueleza lolote kuhusu mshale utakavyotoka. Muulize ugwe unasafiri umbali gani.

Mageuzi makubwa yaliletwa na roda. Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wa mkono wenye roda kwenye ncha za mikono yake, akapewa mwaka 1969. Roda zile huufanya mvuto ubaki mkubwa kwa sehemu ndefu ya safari ya ugwe, badala ya kupanda taratibu mpaka mwisho kama katika upinde wa kawaida. Wazo hilo lilipohamia kwenye upinde wa mtambo, mashindano ya kasi yakaanza, na hayajakoma. Ravin wa Wisconsin wana mtambo unaotangazwa kwa futi 500. TenPoint, walio hapa hapa Ohio, wana wa futi 505. Excalibur wa Kanada hawajaifuata njia hiyo: pinde zao hazina roda hata moja, na kwa hilo nitawasifu baadaye.

Sasa tuitazame ile namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kasi ya mshale hutegemea uzito wa mshale, na wapimaji wengi hutumia mshale wa greni 400 au pungufu, yaani gramu 26 hivi. Ukiweka mshale mzito zaidi, namba inashuka. Mtambo wa futi 400 ukiupa mshale wa greni 500 utatoa kama futi 365. Mnunuzi anayeikimbilia namba huona hapo amepoteza. Pigeni hesabu: momenta, ile inayoufanya mshale uendelee kupenya baada ya kugusa mfupa, imeongezeka kwa asilimia 14 hivi, kelele ya mtambo imepungua kidogo, na mikono na ugwe vimepunguziwa mshtuko. Mimi nauchukua huo mzito kila mara.

Nguvu yenyewe si tatizo tena. Upinde wa roda wa kuvutwa kwa mkono, unaotoa nusu ya nguvu ya mtambo wa futi 400, hupitisha mshale ubavu hadi ubavu wa kulungu mkubwa kwa urahisi. Sheria ya Ohio inadai mvuto usiopungua pauni 75 tu kwa upinde wa mtambo. Mtu anayekuambia kwamba bila futi 450 utamjeruhi mnyama bila kumuua, anakuuzia woga.

Hebu nikae kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye hoja yangu kubwa: sauti.

Mtambo ukifyatuliwa hupiga kelele. Sauti hiyo inasafiri mita 343 kwa sekunde. Mshale wa futi 400 unasafiri mita 122, na wa futi 500 unasafiri mita 152. Hakuna upinde wowote, kwa bei yoyote, unaoishinda sauti yake mwenyewe. Kulungu atasikia kwanza, mshale utafuata. Na kulungu wa mkia mweupe, huyu wa hapa anayepukutisha pembe kila mwaka, ni mnyama aliyelelewa na hofu. Akishtuka hukunja miguu ili apate nguvu za kuruka, na akikunja miguu kifua chake kinashuka. Mshale uliolengwa kwenye moyo hupita juu ya mgongo, au mbaya zaidi, hupiga nyama iliyo juu ya uti wa mgongo, na mnyama hutoweka na jeraha ambalo huenda lisimuue leo wala kesho.

Basi kinachotuhusu ni ule muda kati ya sauti kufika na mshale kufika. Kwa umbali wa mita 40, mshale wa futi 400 unachukua sekunde 0.34 na sauti inachukua 0.12. Kulungu ana sekunde 0.22 za kushuka. Mshale wa futi 500 kwa umbali huo humwachia sekunde 0.15. Ni nafuu, sikatai. Lakini chukua ule mtambo wa bei ya chini, wa futi 350, halafu msubiri kulungu afike mita 20. Muda wake ni sekunde 0.13. Mtambo wa dola mia nne, ukiwa karibu, umemnyima kulungu nafasi zaidi kuliko mtambo wa dola zaidi ya elfu mbili ukiwa mbali. Na yule mwenye mtambo wa futi 500 anayejiamini akafyatua kwa mita 60 amempa kulungu sekunde 0.23, zaidi ya mwenzake wa futi 400 aliyefyatua kwa mita 40. Kasi yake yote ameitumia kusogea nyuma.

Hili linaniudhi kwa dhati. Nimesikia wawindaji wakisimuliana umbali waliofyatulia kama vile umbali wenyewe ndio sifa, na matangazo ya biashara yanawapigia makofi. Aliyelipa gharama hayupo kwenye mazungumzo hayo. Amelala kwenye kichaka fulani na mshale kwenye bega.

Watu wa kwetu walilijua hili bila leza wala roda. Bara ya pwani ya Kenya, kuelekea Tsavo, kuna Wawata, ambao wengine wetu tumezoea kuwaita Waliangulu. Pinde zao ndefu zilikuwa na mvuto unaozidi pauni 100, na wengi wetu humu ndani hatungeweza kuzivuta hata nusu. Mishale yao ilikuwa mizito, na kasi yake haikufika nusu ya hiyo futi 500. Walimwendea ndovu, wakinyemelea upepo ukiwavumia usoni, mpaka akawa hatua chache mbele yao, ndipo wakaachia. Kilichomuua ndovu ilikuwa sumu ya msunguti, inayousimamisha moyo, na kazi ya upinde ilikuwa kuifikisha sumu hiyo nyuma ya ngozi nene. Katika miaka ya 1950 askari wa wanyamapori wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley waliuvunja uwindaji huo, wengi wakafungwa, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa kitalii. Sisemi turudi kwenye ndovu. Nasema kwamba mtu mwenye upinde wa kutisha hivyo hakuona sababu ya kufyatua akiwa mbali. Na sisi hatuna sumu ya kutusaidia pale mshale unapokosea kwa shubiri moja.

Sasa nimtendee haki mwenye kuipenda kasi, kwa sababu faida yake ipo, na ni kwenye kushuka kwa mshale. Ukiirekebisha darubini yako kwa mita 20, mshale wa futi 400 ukifika mita 40 utakuwa umeshuka sentimita 22 hivi chini ya pale unapolenga, na wa futi 500 kama sentimita 12. Lakini darubini za siku hizi zina mistari ya umbali mbalimbali, unachagua mstari wa mita 40 na tatizo limekwisha. Linalobaki ni kukosea kukadiria umbali. Tuseme umedhani kulungu yuko mita 40 kumbe yuko 45. Mshale wa futi 400 utapiga sentimita 8 chini ya ulipokusudia, wa futi 500 utapiga sentimita 5 chini. Tofauti ni sentimita 3, kwenye eneo la moyo na mapafu lenye upana wa sentimita 20 au zaidi. Kipima umbali cha leza kinachouzwa dola mia moja na kitu kinalifuta kosa hilo lote. Kinunue kabla ya kuongeza hata senti kwenye mtambo.

Halafu kuna kigumba, ile ncha ya mshale. Mshale hauui kama risasi. Hukata, damu ikamwagika, mapafu yakasinyaa. Kwa hiyo wembe wa kigumba ni muhimu kuliko futi 50 za kasi, na kigumba butu hakina kisingizio. Kasi kubwa huleta usumbufu hapa ambao wauzaji hawautaji sana: kigumba chenye mabapa yasiyokunjika hushika hewa kama bawa, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo kinavyouvuta mshale kando ikiwa kuna hitilafu yoyote ndogo, mshale usio mnyoofu, unyoya uliolegea, ugwe usiokaa katikati. Mtambo wa futi 350 husamehe mengi ya hayo. Wa futi 480 hausamehe. Wengine hukimbilia vigumba vya kufunguka vikigonga mnyama, navyo hupaa vizuri, ila hutumia sehemu ya nguvu kufunguka na vina viungo vya kuvunjika. Mimi napendelea vya mabapa yasiyokunjika, mazito kidogo, kwenye mtambo wa kasi ya wastani. Ndugu zetu Waislamu wana sababu ya ziada ya kulijali hili, kwani wanajua kwamba windo huwa halali kwa mshale uliotoboa kwa makali yake, na lililokufa kwa kugongwa na ubapa wa mshale haliliwi.

Mambo mengine nayapitia haraka. Uzito: mitambo mingi ni kilo tatu hadi nne pamoja na darubini, na ukikaa kwenye dungu juu ya mti saa nyingi utaihisi kila gramu, basi ushike begani dukani kabla ya kununua. Upana: iliyo myembamba ikitegwa ni raha ndani ya kibanda cha kuvizia. Kifyatulio: kiwe chepesi na kisikwame. Darubini: isiingie ukungu. Kelele: mwombe muuzaji afyatue mtambo mmoja baada ya mwingine huku wewe umesimama kando, mahali salama, usikie mwenyewe.

Usalama siupitii haraka.

Kosa linaloumiza wengi ni dole gumba. Ugwe unapoachiliwa husafiri juu ya reli, pale mshale unapolala, kwa kasi ile ile ya mshale, na kidole kilichochungulia juu ya reli hakibaki. Vidole vimekatika hivyo, na daktari hana cha kurudisha. Chagua mtambo wenye mabawa ya kukinga vidole pande zote mbili, mapana, ambayo mkono wako wenyewe hauwezi kuyavuka hata ukiwa na glavu nene za baridi ya Ohio. Mkono wa mkeo au wa kijana wako ni tofauti na wako. Kama nao watautumia, waje dukani.

La pili ni kufyatua bila mshale. Nguvu yote ambayo ingeondoka na mshale hurudi kwenye mikono ya upinde, na mikono hupasuka, roda hupinda, vipande huruka kuelekea usoni. Mitambo mizuri ina kizuizi kinachokataa kufyatuka kama mshale haupo, lakini kizuizi hicho huweza kudanganywa na mshale wenye mkia usio sahihi. Kuna mikia bapa, ya mwezi mchanga, na ya kung'ata ugwe, na kila mtambo una wake ulioandikwa kwenye kitabu chake. Ukitumia mwingine, ugwe unaweza kupanda juu ya mshale, na hapo umefyatua hewa tupu ingawa mshale ulikuwepo. Uzito wa chini wa mshale nao umeandikwa humo humo. Mshale mwepesi mno ni hatari ile ile, pole pole.

La tatu ni kutega. Kamba yenye vishikio viwili hupunguza uzito kwa nusu, lakini nusu ya pauni 200 bado ni mia, na mzee mwenye mgongo mbovu asijidanganye. Mkono wa kuzungusha uliojengwa ndani ya mtambo humwezesha karibu mtu yeyote kutega. Hapa sioni ufahari wowote katika kujitesa. Uwindaji huu uliwafungulia mlango watu wasioweza kuvuta upinde wa mkono, Ohio iliuruhusu katika msimu wa mishale tangu miaka ya 1970, na leo kulungu wengi zaidi huangushwa kwa upinde wa mtambo kuliko wa mkono katika jimbo hili. Wisconsin iliwafungulia wawindaji wote msimu wa upinde wa mtambo mwaka 2014. Oregon hairuhusu kabisa, na huko Uingereza sheria ya mwaka 1981 iliukataza kwa wanyama wa mwitu. Ukihamia jimbo jingine, soma sheria upya kabla ya kufungua begi.

Kuhusu fedha, mgawo wangu ni huu. Aliye na dola elfu moja atafute mtambo wa futi 350 hadi 400 kwa nusu au kidogo zaidi ya hizo. Zinazobaki azigawe kwenye mishale sita ya uzito unaofanana, vigumba vyenye wembe wa kubadilisha, kipima umbali, shabaha nzuri ya mazoezi, na ugwe wa akiba. Kwenye ugwe ndipo ninapowasifu wale Excalibur wasiotumia roda: ugwe wao ukikatwa porini unaweza kuubadilisha mwenyewe kwa kamba maalumu ukiwa umekaa kwenye gogo. Wa roda mara nyingi hudai mashine ya kubana iliyo kwa fundi, na fundi akiwa mbali msimu wako umekwisha.

Mtambo wa mkono wa pili si dhambi, ila ukague kwenye mwanga. Pitisha kipande cha pamba juu ya mikono: kikinasa nyuzi, kuna ufa. Tazama ugwe pale unapopita kwenye roda, kama umechakaa au umekauka bila nta. Zikague roda kama zimekaa sambamba. Uliza kama umewahi kufyatuliwa bila mshale, na umtazame muuzaji anapojibu.

Na kabla hujalipa, uwe mpya au wa zamani, fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Utege mwenyewe, kwa mikono yako. Halafu utegue. Jioni nyingi za msimu utashuka kwenye dungu bila kuona kulungu, mtambo ukiwa bado umetegwa, giza limeingia, vidole vimekufa ganzi. Mitambo mingi haina njia ya kuteguliwa isipokuwa kuurusha mshale mmoja ardhini au kwenye shabaha, na wewe uko msituni, huoni kilicho mbele. Michache huteguliwa kwa kurudisha ule mkono wa kuzungusha, pole pole, bila kurusha chochote. Mwambie muuzaji akuonyeshe, kisha urudie mara mbili mbele yake ukiwa umevaa glavu zako. Ukishindwa dukani penye taa na joto, urudishe kwenye rafu na uombe mwingine.

 Mwenye swali asimame. Na aliyekuja na mtambo wake, auweke mezani ukiwa haujategwa.